Mabuti ya Dalbreck na Zamu Yetu ya Maji

Mwanangu Rayya,

Salamu zangu hazina safari ndefu. Zinatoka chumba hiki zinakwenda chumba cha pili, ambako nakusikia unafunga sanduku, unalifungua, unalifunga tena. Liache hilo sanduku, maskini, halikukosea kitu.

Nimekaa kitako kwenye meza ya marehemu baba yako, na moyo unanidunda utadhani mwenye kusafiri ni miye. Wallahi nina furaha hata kalamu inanikimbia, basi ukiona mistari imekwenda upogo usinicheke. Kesho, inshallah, ndege ya kukupeleka chuo! Na siku si nyingi utashuka kwenye basi dogo mbele ya duka la Dalbreck, Skotlandi, kijiji ulikozaliwa, utie mguu wako pale pale ambapo mama yako aliteleza mbele za watu akaonesha soksi mbili za rangi mbalimbali. Nakuonea wivu, sikufichi.

Sikwambii habari za masweta. Jamaa zako wote wa Ibra na wa Maskati wameshakwambia ya masweta, ya kuswali, ya kula na ya kupiga simu, na ukisahau moja watakupigia wao. Miye nakuandikia kwa ajili ya neno moja ulilolisema leo wakati wa chakula.

Ulikuwa unapakua wali. Hukunitazama. Ukasema, "Mama, labda niahirishe. Mwaka mmoja tu."

Nikakuuliza kisa nini.

"Shamba," ukasema. "Zamu ya maji nani ataisimamia?"

Na ami yako Nasser, aliyekuja kukuaga na kopo lake la halwa, akarukia hapo hapo. "Mtoto kasema kweli! Shamba lako hilo, bibi wa Unguja Mjini, nani atalimwagia? Shemegi, tuiuze ile haki ya maji tujue moja. Mitende itajijua yenyewe."

Miye nikamsogezea bakuli la mchuzi, na nilikuona unashangaa, maana mama yako si mtu wa kuacha neno lipite. Jibu langu refu, na lina kondoo ndani yake, na habari ya kondoo huwezi kuisimulia mbele ya Nasser, atakukatiza kila kondoo mmoja. Basi lala hapo kitandani, nyosha miguu, usome.

Tulifika Dalbreck, miye na baba yako, mwanzoni mwa miaka ya themanini. Serikali ilimpeleka kusoma kilimo. Chuo kilikuwa mji wa karibu, na nyumba za mjini hatukuziweza, tukapanga kibanda cha mawe kwenye shamba la mjane mmoja, Bi Morag. Kijiji chenyewe ukipiga chafya mwanzoni, wa mwishoni anakuombea afya. Duka moja, kanisa moja, skuli ya watoto wachache, kisha mashamba, kisha kondoo, kisha mvua. Mvua, mwanangu! Mvua ya kusimama, ya kulala, mvua ya kutoka ubavuni. Baba yako alipaita Dal-Baraka, na wenyewe wakapenda.

Nilianza kwa kukosea. Nilijifungia ndani. Nilikuwa na mimba yako changa, nna kiingereza changu cha skuli kilichokwisha kwenye "good morning, teacher", na nikiwaona watu wanatazama dirishani kwetu nasema, hawa wananidharau. Wakinialika chai, naumwa kichwa. Kichwa gani kile kinachouma kila Jumanne! Kumbe na wao walikuwa wamekaa wanaambizana, yule bibi wa Kiarabu anatuona sisi washamba. Watu wazima na akili zetu, kila mmoja kanuna nyuma ya pazia lake. Ningaliendelea hivyo mpaka tukarudi Omani, na leo nisingekuwa na la kukusimulia ila baridi.

Mwezi wa kumi Morag akaja kugonga. Hakuleta maneno, alileta ndoo.

"Unaweza kuokota mbatata?"

Nikamwambia nna mimba.

"Mimba haiko mikononi," akasema. Akaitazama miguu yangu, nimevaa kandambili na soksi, akatikisa kichwa, akaenda akarudi na mabuti ya mpira, ya kijani, makubwa, ya kwake mwenyewe. Nikavaa soksi juu ya soksi ndipo yakanikaa. Unayajua mabuti hayo. Ndiyo yale yaliyokaa juu ya kabati la stoo tangu una akili zako, na kila ukiuliza ya nini nakwambia yaache.

Nikatoka. Nakuta skuli imefungwa, watoto wote wako shambani, nikadhani sikukuu yao. Kumbe pale ilikuwa mila: mbatata zikiwa tayari, skuli inafungwa, kijiji kizima kinainama. Trekta linapita mbele linapindua udongo, na nyinyi nyuma yake na ndoo, na kabla hujamaliza sehemu yako trekta hilo linarudi. Mgongo uliniuma mpaka nikamkumbuka mkunga aliyenipokea. Lakini mchana tulikaa juu ya magunia, miye nikafungua kopo langu la sambusa, na mama mmoja mnene akatia nzima kinywani, akatoa macho, akaikimbilia chupa ya chai akainywa yote peke yake. Wale wanawake walicheka mpaka wakalala kwenye magunia. Nikacheka na miye, bila ya kiingereza chochote, na tangu siku hiyo khalas, nikawa na kijiji.

Utakapofika na wewe utaona haya. Hata miye nilidhani mtu akitaka kunijua atavunja mlango. Usingoje mtu alete ndoo, mwanangu. Nenda ukaiombe.

Sasa kondoo.

Sisi tumelelewa kwamba mlango wa mchana haufungwi. Unguja kwa mama yangu mlango ulikuwa wazi tangu alfajiri hadi magharibi, na mwenye kufunga mchana watu walimsema, yule ana nini anachokificha? Basi miye Dalbreck nikaanza kutembea, na mashamba yao kila moja lina ukuta wa mawe na geti. Nikipita geti naliacha wazi. Adabu! Niwafungie wenyewe geti lao kama nimewakasirikia?

Mchana mmoja nasikia mbwa anabweka si kawaida. Natazama dirishani, naona njia nyeupe pyee, nikadhani theluji imeanguka. Theluji hiyo inakwenda! Kondoo wa Morag, wote, wamepita geti langu la adabu, wameingia shamba la jirani la mboga za mizizi, mfano wa figili kubwa, zilizowekwa kwa ajili ya kuwalisha wakati wa baridi. Loo! Kijiji kilitoka. Mwenye duka alitoka na aproni. Padri wao alitoka na viatu vya ndani, anapunga gazeti. Baba yako alikimbia na kanzu, ikamnasa ukutani, ikachanika mpaka kiunoni. Na miye na tumbo langu nimesimama katikati ya njia nimenyosha mikono, nawaambia kondoo kwa Kiswahili, "Rudini! Rudini, wana wa watu!"

Walirudi jioni. Nilikwenda kwa Morag nikilia, nikidhani tutafukuzwa nyumba. Akaniuliza kwa nini nimeacha geti wazi. Nikamwambia kwetu kufunga ni ubakhili. Akaanza kucheka, anacheka huku anajifuta macho kwa mkono wenye unga.

"Huku," akasema, "unaliacha geti kama ulivyolikuta. Lililofungwa lifunge, la wazi liache wazi. Mwenyewe anajua kwa nini."

Nimeliweka neno hilo. Mtu akikwambia jambo la kwao usilolielewa, usiharakishe kumsaidia.

Sikusahau pia siku aliyonipeleka mlimani. Jua la baridi huko halipandi, linatambaa tu, na likiwa chini hivyo unaona kitu ambacho mchana wa jua huoni: matuta ya zamani, marefu, membamba, chini ya majani, kilima kizima. Morag akaniambia, haya waliyalima wazee wa wazee. Ardhi ya Dalbreck wakati huo hakuna aliyeishika moja kwa moja. Waligawana vipande na wakapiga kura, na baada ya muda wakapiga tena, ili aliyepata udongo mzuri asikae nao daima na aliyepata mawe asizeeke na mawe yake. Mlima wa malisho ulikuwa wa wote, na kila nyumba ilijua inaruhusiwa wanyama wangapi.

Miye nikaitikia tu, "Vizuri, vizuri," nawaza supu. Laiti ningalisikiliza! Alikuwa ananieleza zamu, na zamu ndiyo iliyokuja kunitia adabu miaka baadaye.

Kisha, akasema, mwenye ardhi, bwana waliyemlipa kodi, akaona kondoo wana faida kuliko watu. Unajua tunavyosema, akufukuzaye hakwambii toka. Kwanza kodi ikapanda. Kisha mlima wa malisho wakanyimwa. Waliong'ang'ania mpaka mwisho wakaezuliwa mapaa juu ya vichwa vyao. Wengi walipanda meli kwenda Kanada. Akanionesha nyumba zao, yaani mawe, na majani yanayowasha kuliko upupu, na katikati jiwe moja jeusi. "Hili jiko," akasema. Nikaligusa lile jiwe. Nikaikumbuka nyumba ya mama yangu Unguja, sufuria tuliyoiacha motoni mwaka ule wa sitini na nne, tumetoka na nguo za mwilini. Nikalia hapo mlimani. Morag akadhani ni baridi, akanivalisha koti lake, na nilipoweza kusema nikamwambia, na sisi pia. Alinishika mkono tukashuka, na tulipofika geti tulilifunga.

Wakati ule, Rayya, nilikuwa nikiamini sisi peke yetu ndio tuliofukuzwa duniani. Nilikuwa nimelibeba jambo hilo kama taji. Morag alinipunguzia, na nikawa mwepesi.

Yeye mwenyewe baba yake alikuwa mlimaji wa jembe la farasi. Watu kama yeye wakiajiriwa shamba hili nusu mwaka, shamba lile nusu mwaka, na mwisho akapata kukodi hilo la Dalbreck. Trekta lilipokuja farasi wakauzwa, na siku ya pili mzee aliamka kama kawaida akaenda kufagia banda tupu. Morag aliolewa, mume akafa mapema, na kijiji kizima kikamwambia auze kondoo. Nikamuuliza, uliwezaje? Nataka uyajue maneno yake kama alivyoyasema, kwa sababu ndiyo ninayoyatumia siku hizi badala ya dawa ya presha.

"Mwaka wa kwanza nilikosea kila kitu. Wa pili nilikosea upesi zaidi. Wa tatu kondoo wakanizoea."

Ukazaliwa wewe, mwezi ambao kondoo wote wa Dalbreck wanazaa. Uchungu ulinishika baba yako yuko chuoni. Morag alinitia kwenye gari lake la shamba, nyuma mna mbwa, mbele mna mwanakondoo dhaifu ndani ya sanduku la karatasi, kati yao miye napiga kelele. Alikuwa akituambia sote watatu kwa zamu, "Tulia, mpenzi, tunafika." Hospitali walipokuona walisema mtoto ananukia sufu, na ulinukia, mashallah.

Haya, sasa nakuja kwenye lile neno lako.

Ulipokwisha kuota meno mawili, Morag alikuja na habari. Chuo kilikuwa na darasa la wanawake wa mashambani: kufuga, kutengeneza jibini, kuendesha trekta. Siku mbili kwa wiki. Yeye angekaa nawe. Baba yako alifurahi kuliko miye, akaninunulia daftari na kalamu tatu. Na miye nilikuwa naitaka trekta ile, mwanangu! Nilikuwa naiota. Naiona miye juu yake, kanga kichwani, naipindua Dalbreck yote.

Nikamwambia, "Mwaka ujao. Mtoto akue kidogo. Mwaka mmoja tu."

Mwaka uliofuata baba yako alikwisha masomo, tukarudi Omani. Hakunizuia mtu. Si mume, si mama mkwe, si serikali. Nilijizuia mwenyewe, kwa maneno mazuri kabisa, na mtoto nikamfanya ndiyo sababu. Na leo naye mtoto huyo, amekaa kwenye meza yangu na upawa mkononi, ananifanya miye sababu! Sikubali. Deni hilo silibebi.

Tukarudi, basi. Tunataka shamba kijijini kwa babu zake baba yako, hapa karibu na Ibra. Tukaona bustani ya mitende, imetulia, ina hata malimau, bei imepoa. Ebo, mbona rahisi hivi! Tukainunua upesi asije mtu akatutangulia. Asubuhi ya kwanza tumekwenda na thermosi na mkeka, wewe umelala kwenye kanga, tunangoja maji ya falaj, mfereji wa kijiji, yaje. Yakapita ya jirani huyu, yakapita ya jirani yule. Kwetu kimya. Mpaka Mzee Hilal, wa shamba la pili, akatuhurumia akaja.

"Mnangoja nini, wanangu?"

"Maji."

"Maji yapi?"

"Ya shamba hili."

"Mmenunua mitende," akasema pole pole, kama anazungumza na wagonjwa. "Maji mmenunua?"

Baba yako, msomi wa kilimo wa Skotlandi, alikaa chini. Unguja ukinunua shamba umenunua na mvua yake. Dalbreck hali kadhalika, huko hata usipoitaka unapewa. Sote wawili tulikuwa watoto wa mvua, na hapakutokea hata mmoja wetu kuuliza. Hapa ardhi ina mwenyewe na maji yana mwenyewe, na aliyetuuzia alishaiuza haki ya maji zamani kwa mtu mwingine. Ndiyo sababu bei ilipoa. Kijiji chote kilijua, na walidhani na sisi tunajua, ila tuna maarifa yetu ya Ulaya!

Bangili zangu za harusi zikageuka maji. Ilipotoka haki mnadani, baba yako akainunua, saa moja ya falaj kila zamu ikizunguka, na hiyo ndiyo ami yako anayotaka kuiuza leo baina ya wali na halwa. Aambiwe aanze na bangili zake.

Wiki ileile baba yako akasafiri kikazi, zamu ikaangukia kwangu. Kuna ugumu gani? Unakwenda kwenye mfereji, unatoa kizibo cha matambara na jiwe kwenye mdomo wa shamba lako, unaziba kule yanakokwenda, saa yako ikiisha unarudisha. Nikatoa kizibo. Nikaziba. Nikakaa chini ya mtende nikiimba. Maji yetu yote ya wiki yaliingia kwa Mzee Hilal, kwenye majani yake ya ng'ombe aliyokwisha kuyakata na kuyaanika. Nilitoa kizibo chake, sikutoa changu. Majani yakaelea! Watoto wa kijiji wakaniita Bi Mafuriko, na kila nikipita wananipandishia kanzu zao magotini kama wanavuka mkondo wa wadi uliofurika.

Kicheko cha Dalbreck kilikuwa kingine, kule nilikuwa mgeni. Hapa nilikuwa nataka sana watu waseme, huyu kweli mwenzetu, si wa kuja. Nikaona haya mpaka mifupani. Nikaapa sitausogelea mfereji ule tena, nikayavua mabuti ya Morag niliyokuwa nimeyavaa, nikayarusha juu ya kabati. Baba yako akayasimamia maji mpaka alipotutoka, Mola amrehemu, kisha ukayasimamia wewe, msichana wa skuli, na jembe refu kuliko wewe. Alfajiri nasikia mlango, najifanya nimelala. Watoto walionicheka sasa wana watoto wao. Hakuna anayekumbuka ila miye, na kwa kicheko cha mchana mmoja nimekaa ndani miaka chungu nzima.

Ulipokuwa Maskati unahangaikia viza, ulinipigia ukauliza maji. Nikakwambia, usijali, pana mtu. Ulikuwa kwenye foleni, hukuuliza nani.

Nilikwenda kwa Mzee Hilal. Siku hizi haoni vizuri, lakini sauti yangu aliijua. Nikamwambia, baba, nifundishe. Akasema, "Nisubiri kwanza niingize majani ndani." Tumecheka, Rayya, mzee yule alicheka mpaka akakohoa! Akaja na mkongojo wake, akakaa juu ya ukuta, akaniambia toa, ziba, tazama, mbio. Zamu ya kwanza nilichelewa, theluthi ikanipita. Ya pili nilikosea upesi zaidi. Ya tatu maji yalikuja, yakaingia kwenye mdomo wa shamba letu yananguruma, yakaenda shina hadi shina, na miye nayafuata na jembe, nayaelekeza, nayakaripia, kanga kiunoni, naimba kwa sauti. Nimefika umri huu ndiyo naipanda trekta yangu. Nilivyofurahi siwezi kukueleza. Nilikaa nikayatazama mpaka jua likanichoma.

Na leo alfajiri ulipotaka kuamka, nilikwambia lala, una safari, pana mtu. Ukageuka ukalala. Mzee Hilal hakuja. Hata sikumwambia. Nilitoa kizibo changu, nikaziba kwa jirani, na saa ilipokwisha niliuacha mfereji kama nilivyoukuta.

Kwa hiyo huna sababu, binti yangu. Nimeipekua kila mahali, haipo. Nenda kajifunze udongo na maji, na siku ya mapumziko panda basi ukamwone Morag. Amezeeka, kondoo kawaachia wapwa zake, lakini tulipozungumza kwenye simu sauti ni ile ile. Anauliza kila mara kama bado unanukia sufu. Mwambie sasa nafunga geti. Mwambie na hili la maji, mwambie vizuri, usilifupishe, maana yeye ndiye atakayelijua lina uzito gani. Ukitaka kurudi, rudi. Ukitaka kukaa zaidi, tutasema. Utakuta nyumba hii mlango wazi mchana kutwa, hilo sikulibadilisha.

Nitalia uwanja wa ndege, nakwambia mapema. Usinisikilize. Nitakuwa nalia na huku nafurahi, na miye nikifanya mambo mawili sauti yangu inakuwa mbaya.

Kesho Nasser atakuja na pikapu yake kutupeleka uwanjani Seeb, na najua ataanza tena habari ya kuuza. Usibishane naye. Mpeleke nyuma ya nyumba, kando ya mlango wa jikoni. Pana mabuti ya mpira ya kijani, ya mtu mwenye mguu mkubwa kuliko wangu, yana tope mpaka vifundoni. Tope la leo hilo. Usiyaoshe. Mwoneshe, halafu upande gari.

Mama yako akupendaye,
Bi Mafuriko